Mtaani Wananiita Daktari, Chuo Bado Sijathibitisha

Shikamoo Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 20, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Tunaishi wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, kwenye shamba la michungwa ambalo babu alimwachia baba. Mwezi wa tano nilimaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Baada ya hapo nilikwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, kambi ya Msange, Tabora, na matokeo yakanikuta hukohuko. Nilipata daraja la pili, pointi 10: Baiolojia C, Kemia C, Fizikia D. Nyumbani walichinja kuku wawili na mimi mwenyewe sikuwepo.

Tangu nirudi nangoja chuo. Naomba nikueleze siku zangu zinavyokwenda, maana hapa sina wa kumweleza. Naamka alfajiri pamoja na mama. Yeye anakwenda gengeni, mimi nafagia uwanja, nachota maji na kuwachemshia wadogo zangu chai kabla hawajaenda shule. Wakishatoka, nyumba inanyamaza. Nafua, napika, na kama kuna palizi naingia shambani na baba. Mchana nashika simu. Kundi letu la WhatsApp la kidato cha sita halilali: huyu kapata chuo Dodoma, yule Mwanza, mwingine anahangaika kwa sababu jina la cheti chake cha kuzaliwa haliendani na la cheti cha shule na dirisha la mkopo limeshafungwa. Wengine wanaweka picha za mabegi mapya. Nikienda dukani naulizwa swali lilelile: "Daktari, chuo lini?" Najibu, "Mungu akipenda mwezi wa kumi," nachukua sukari yangu, narudi.

Hilo jina la Daktari alinipa bibi mzaa baba. Alikuwa na kisukari. Kuanzia nikiwa darasa la tano mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki, namsomea karatasi zake, namkumbusha dawa, namweleza kwa nini chai yake haitakiwi sukari. Alikuwa mbishi, lakini mimi alinisikiliza. Akawa ananiita "daktari wangu", baba akadakia, majirani wakadakia, na leo baba akipita barazani kwa wazee anaitwa Baba Daktari. Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Siku zake za mwisho alimwambia baba, "Mtoto huyu msimkatishe." Baba hukumbushia maneno hayo karibu kila jioni.

Maombi ya chuo aliyajaza kijana wa steshenari pale mjini, kwa sababu mimi nilikuwa kambini. Baba ndiye aliyempelekea vyeti na kumwambia aombe udaktari. Mimi nikapata nafasi ya kupiga simu, nikamwomba yule kijana aongeze pia ualimu wa sayansi, Kemia na Baiolojia, katika chuo kimoja cha serikali. Baba hajui. Sasa majibu ya awamu ya kwanza yametoka na nimechaguliwa kote kuwili: udaktari wa binadamu katika chuo binafsi, na ualimu katika kile chuo cha serikali. Natakiwa nithibitishe kimoja, na mwisho ni wiki ijayo.

Ada ya udaktari ni zaidi ya Sh milioni 5 kwa mwaka, miaka mitano. Nimeomba mkopo lakini majina bado. Baba anasema hata mkopo ukikosekana atauza ekari mbili za shamba, zile zenye michungwa inayozaa vizuri, na dalali ameshamleta mtu kutoka Tanga mjini kuja kuziona. Baba mkubwa amekasirika, anasema shamba la mzee haliuzwi. Mama yuko kimya.

Mama, kinachonisumbua zaidi ni hiki. Nilipomaliza kidato cha nne, katika ile miezi ya kungoja kidato cha tano, nilifundisha tuisheni watoto wa jirani. Niliporudi kutoka JKT wazazi wao wakaniomba tena. Sasa nina watoto wa kidato cha pili na cha nne, wanajiandaa na mitihani ya Novemba. Tunakaa kwenye ukumbi wa nyuma wa kanisa, kila mmoja analipa Sh 500 kwa kipindi, asiye nayo anakaa tu. Kuna kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa hawezi kabisa kusawazisha milinganyo ya kemia. Tulihangaika naye, tukahesabu kwa kutumia vifuniko vya soda, na siku alipoweza aliruka akagonga kichwa kwenye ubao. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo hata siku ya matokeo sikuipata. Saa zile za tuisheni ndizo pekee ambazo siulizwi chuo lini, na mimi mwenyewe sijiulizi.

Upande wa pili, bibi alipolazwa, mimi nilikuwa nashindwa kukaa wodini. Nilikuwa natoka nje nalia, kisha nanawa uso narudi. Nikifikiria kuishi miaka yote mahali kama pale nasikia tumbo linakaza.

Lakini nikisema nataka ualimu, nitakuwa nimemwaibisha baba mbele ya wazee wote. Nitakuwa nimevunja wosia wa bibi. Na watu wanasema walimu wamejaa mitaani hawana kazi. Nikisema sawa, niende udaktari, shamba linauzwa na wadogo zangu watakula nini? Wakati mwingine nafikiri labda ni uvivu wa kukaa nyumbani tu unaonichanganya. Nikimwambia baba nitamuua. Nisaidie, Mama, nifanye nini?

Msichana wa Muheza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zilizofika kabla yake, kwa sababu ya tarehe yako ya wiki ijayo.

Umeandika kama mtu anayechagua kati ya kozi mbili. Mimi nimesoma mara ya pili na ya tatu, nikaona umefunga mambo matatu kwa kamba moja kama mzigo wa kuni: kazi ambayo moyo wako unaipenda, shamba ambalo familia inataka kulitoa, na deni unaloona unalo kwa bibi na baba. Ukiyabeba yote pamoja lazima shingo iume. Nataka tuyafungue, tulitazame kila moja peke yake. Sitakwambia uende wapi. Miaka hiyo utaisoma wewe, na madaftari yatakuwa yako.

Nianze na bibi, Mungu amrehemu. Unasema ukichagua ualimu utakuwa umevunja wosia wake. Hebu rudia maneno yake kama ulivyoniandikia mwenyewe: "Mtoto huyu msimkatishe." Aliwaambia hao wanaobaki, akiwaomba wasikuwekee kizuizi. Kozi hakuitaja. Na ulichomfanyia yule mzee hakikuwa kumpima wala kumwandikia dawa. Ulimsomea, ukamweleza, ukamrudia tena na tena mpaka mbishi akaelewa na kuacha sukari kwenye chai. Sisemi basi bibi alikuona mwalimu. Hilo mimi silijui na wewe hulijui, na si haki kumwekea marehemu maneno mdomoni, ya upande wowote. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu yake haikubani kiasi unachodhani. Yule mtoto aliyekuwa akisoma karatasi za kliniki anaweza kukua akawa daktari anayewaeleza wagonjwa wake vizuri, na anaweza kukua akawa mwalimu wa Baiolojia ambaye darasa lake zima litajua kisukari ni nini kabla hakijafika nyumbani kwao.

Sasa nije kwenye tuisheni. Niliposoma habari ya yule kijana na ubao nilicheka peke yangu kwa furaha, nikajua ninasoma barua ya mtu aliyeonja kitu cha kweli. Usimruhusu mtu akwambie hicho ni kitu kidogo. Hata hivyo nina maswali ya kukuuliza, nayo nakuuliza kwa upendo. Watoto wa ukumbi wa kanisa wamekuja kwa hiari yao. Ni wachache, wanakujua, wanaogopa mtihani wa Novemba. Darasa la shule ya serikali linaweza kuwa na wanafunzi 60 au 70, nusu yao hawataki Kemia, na wewe una azimio la kazi la kujaza, maandalio ya somo, rundo la madaftari ya kusahihisha usiku, pengine katika wilaya usiyomjua mtu. Ungelipenda na hilo? Huenda ndiyo. Lakini bado hujaliona. Kabla siku zako hazijaisha, nenda kwa mwalimu wako wa zamani wa Baiolojia au Kemia, yule unayemheshimu, umwombe akueleze mwaka wake wa kwanza kazini bila kukuficha.

Wodi nayo uitendee haki hiyohiyo. Ulitoka nje kulia kwa sababu aliyelala pale alikuwa bibi yako. Kisha, umeandika mwenyewe, ulinawa uso ukarudi. Mtu asiyefaa kukaa na wagonjwa angebaki nje. Madaktari na wauguzi wengi walianza kazi wakiwa wanalia, na wengine mpaka leo wanalia, wanafanya kazi nzuri. Kwa hiyo kile kilio peke yake sikioni kama ushahidi wa kutosha dhidi ya udaktari. Kinachonipa mawazo zaidi ni tumbo linalokaza leo, miaka kadhaa baadaye, ukifikiria tu. Jiulize linakazwa na nini: ni damu na maumivu, ni ile D ya Fizikia inayokutia hofu kwamba hutaweza masomo, au ni kwamba kila ukiona neno udaktari unaona ekari mbili za shamba zikiondoka? Hizo ni hofu tatu tofauti, na kila moja ina namna yake ya kushughulikiwa.

Jambo moja limenigusa. Unasema labda ni uvivu wa kukaa nyumbani unaokuchanganya. Mwanangu, ile simu kwa kijana wa steshenari uliipiga ukiwa kambini, katikati ya kwata na jua la Tabora, hujakaa nyumbani hata siku moja. Shaka yako ina umri mkubwa kuliko miezi hii ya kungoja. Kungoja kumekupa tu nafasi ya kuisikia. Huko nyuma kengele ilikuwa inalia, mnakwenda darasani, mnakwenda prepu, na kombi, yaani mchepuo wako, ilikuwa imeshajibu swali la utakuwa nani. Sasa hakuna kengele, na watu wanaokuzunguka wanaiona miezi hii kama muda mtupu. Mimi siioni hivyo. Unalea wadogo zako asubuhi, unafundisha mchana, unafikiri usiku. Hiyo ni kazi, na mtu anayeifanya hastahili kujiita mvivu.

Tuje kwa baba. Unaandika, "Nikimwambia nitamuua." Je, umewahi kumwambia neno lolote kati ya haya? Barua yako inaonyesha baba anakupenda mpaka yuko tayari kuuza urithi wa baba yake. Mtu wa namna hiyo anaweza kuumia, anaweza kukasirika na kununa siku mbili, lakini huenda pia yeye analala macho wazi akifikiria michungwa ile na kaka yake aliyekasirika, anaogopa kusema kwa kuwa wazee wameshamwita Baba Daktari. Sijui. Na wewe hujui, kwa sababu mnaendelea kulindana kwa ukimya. Umebeba jibu lake kabla hujamuuliza swali.

Naelewa kwamba kwetu binti haendi tu akamkabili baba yake kwa jambo zito. Ndiyo maana zipo njia. Shangazi yako yupo? Dada wa baba ana ruhusa ya kusema mambo ambayo wewe huna, na huenda yeye pia alikuwa kitandani kwa bibi akisikia yale maneno ya mwisho. Kama hayupo, kuna mama.

Na hapa nisimame kidogo, kwa maana katika barua yote hii ndefu mama yako anapita tu. Alfajiri anakwenda gengeni, na kwenye habari ya shamba yuko kimya. Ukimya wa mama katika nyumba zetu mara nyingi una maneno mengi ndani. Umemuuliza anaonaje? Shamba lile analilima, anaijua bei ya tenga la machungwa kila msimu, na akiamka alfajiri anafikiria watoto wanne, si mmoja. Isitoshe, shamba linaloilisha familia si la kuuzwa mume akiwa peke yake. Hata viongozi wa kijiji mauziano yakifika mbele yao huuliza mke anasemaje. Keti naye jioni mkichambua mboga za kesho. Usiende na uamuzi, nenda na swali.

Ukifika kwa baba mwenyewe, usichague barazani wala mbele ya baba mkubwa. Mfuate shambani. Mwambie kwanza unachoshukuru, ukitaje kwa jina: kuku waliochinjwa, vyeti alivyovipeleka mjini, nia yake ya kutoa shamba. Kisha mwambie ukweli wa vyuo viwili. Hilo la kuongeza kozi bila yeye kujua litamkera, na ni heri alisikie kwako kuliko kwa kijana wa steshenari. Muulize, "Baba, tukiuza ekari mbili, wadogo zangu wakifika chuo tutauza nini?" Halafu unyamaze, umwache ajibu, hata akichukua muda.

Maana hesabu ya shamba lazima ifanyike, na ifanyike kwenye karatasi. Ada ya milioni 5 kwa miaka mitano ni zaidi ya milioni 25, bado chakula, malazi na vifaa vya kliniki. Baada ya hapo kuna mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya kupewa usajili kamili. Ekari mbili za Muheza zitalipa miaka mingapi kati ya hiyo? Mwanafunzi anayeanza udaktari akakwama ada mwaka wa tatu anakuwa amepoteza shamba na hajapata cheti. Hii ndiyo hatari kubwa ninayoiona upande ule, nami siifichi.

Mkopo unaweza kubadili hesabu. Bodi ya Mikopo hupanga kwa kuangalia uhitaji wa familia, na mtoto wa mkulima mwenye wadogo watatu hayuko mwisho wa foleni. Posho ya chakula na malazi, ile mnayoiita bumu, tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ni Sh 10,000 kwa siku. Lakini kwa ada mkopo una kikomo, na vyuo binafsi vingi vinatoza zaidi ya kikomo hicho, kwa hiyo hata ukipewa asilimia nzuri kuna pengo la kujaziwa nyumbani. Ugumu wa pili ni kalenda: majina ya mkopo kwa kawaida hutoka kwa awamu kuanzia Oktoba, na wewe unatakiwa uthibitishe kabla. Kwa hiyo yeyote anayesema "thibitisha tu, mkopo utakuja" anakuahidi kitu kisicho mkononi mwake. Wanaokosa, au kupata kidogo, huwa na dirisha la kukata rufaa, nalo ulijue. Kumbuka pia kwamba mkopo unarudishwa: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Kadiri deni linavyokuwa kubwa ndivyo makato yanavyoendelea kwa miaka mingi zaidi.

Upande wa ualimu hatari ni nyingine. Ada ni ndogo, miaka ni mitatu, shamba linabaki. Lakini wanaokwambia kuna walimu wengi hawana ajira hawakudanganyi. Walimu wa sayansi wana nafuu kuliko wa sanaa, ila nao wanaingia kwenye usaili na kusubiri, na wengi wanaanzia shule binafsi kwa mshahara mdogo au kujitolea. Kabla hujaliweka hilo kama sababu ya kuukimbia ualimu, jua kwamba siku hizi hata madaktari wapya wanamaliza mafunzo kazini na kukaa wakisubiri nafasi za serikali. Ile hakika ambayo wazee wa barazani wanaikumbuka, kwamba ukiwa daktari kazi inakungoja mlangoni, imepungua sana. Kuna hatari pia ndani yako mwenyewe: unaweza kufika mwaka wa pili wa ualimu, mtu akaugua nyumbani, ukajilaumu kwamba ungekuwa daktari sasa. Je, hilo utalibeba vipi? Jiulize leo, ukiwa na utulivu.

Umeandika kana kwamba njia ni hizo mbili tu. Ziko nyingine, na nakutajia bila kukusukuma. Awamu ya pili ya udahili hufunguliwa kwa wasiopata na kwa nafasi zilizobaki. Uulize Tume ya Vyuo Vikuu kama mtu aliyechaguliwa lakini hakuthibitisha anaruhusiwa kuomba tena, usitegemee maneno ya kundi la WhatsApp. Ukiruhusiwa, wenye PCB wana uuguzi, maabara, lishe, afya ya jamii, na nyingine za namna hiyo katika vyuo vya serikali. Baadhi ya kazi hizo ni kufundisha watu kuhusu afya zao kutwa nzima. Hatari yake ni wazi: unaweza kuziachia mbili ulizonazo mkononi na ya tatu usiipate.

Kusubiri mwaka mzima nako kupo. Kwa vijana wa leo linaonekana jambo la aibu, lakini nchi hii iliwahi kulifanya utaratibu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka wanaotoka kidato cha sita, baada ya JKT, wafanye kazi angalau miaka miwili ndipo waende chuo kikuu. Baadaye wasichana waliondolewa kwenye sharti hilo, kwa sababu idadi yao chuoni ilishuka: wakikaa nyumbani, mambo ya nyumbani yanawameza. Hilo nakutajia kwa makusudi. Msichana wa miaka 20 akibaki nyumbani mwaka mmoja, wapo watakaoleta posa, kazi za ndani zitaongezeka, na tuisheni ya Sh 500 itaanza kuonekana kama ndiyo maisha yake. Ukichagua kusubiri, lazima kuwe na mpango ulioandikwa na mtu mzima anayekusimamia, na lazima ujue kwamba nafasi zako mbili za sasa zinaondoka.

Kuhusu aibu ya baba mbele ya wazee. Naichukulia kwa uzito, kwa sababu heshima ya baba mtaani ni kitu halisi na wewe unaijali. Lakini wazee wale hawatalipa ada. Hawatapanda michungwa mingine. Watashangaa wiki moja, watauliza maswali mawili matatu, kisha kutakuja habari ya mtu mwingine. Kama baba ataweza kusema, "Mwanangu kachagua mwenyewe, nami nimeridhia," heshima yake haitapungua hata kidogo. Na kama baada ya mazungumzo yote hayo wewe mwenyewe utaona kwamba udaktari unautaka, basi utakwenda ukiwa unautaka, na familia itakuwa imekaa na kupanga namna ya kulipa pamoja. Kwangu njia zote mbili ni za heshima. Ninachokuombea ni kwamba ifikapo Novemba, ukiwa kwenye kitanda cha hosteli katika chuo chochote kile, usiwe umefika pale kwa sababu watu wa nyumba moja waliogopa kuongea.

Fanya mambo haya kwa mpangilio wa siku zako chache. Leo au kesho, mama. Kisha shangazi, kama yupo. Mwalimu wako wa zamani, na kama unamfahamu muuguzi au daktari yeyote pale wilayani, umwombe nusu saa. Nenda na karatasi ya hesabu. Baba awe wa mwisho kabla ya tarehe, lakini isiwe usiku wa kuamkia tarehe. Watoto wa tuisheni usiwaache ghafla. Hata ukiondoka Oktoba, watafutie wa kushika nafasi yako mpaka mtihani wao upite.

Na nenda wewe mwenyewe kwa yule kijana wa steshenari, umwombe akupe namba zote za akaunti zako za udahili na za mkopo na nywila zake, uzibadilishe, uziandike mahali salama. Namba ya kuthibitisha ikija kwenye simu, iingize mwenyewe. Ukikwama, ofisi ya udahili ya chuo hupokea simu saa za kazi. Mimi nami niandikie, nitakujibu.